Sabini na Moja

Mimi ndiye ninayeosha vioo vya Daktari Nélida Huarcaya.
Sipimi chochote. Nasuuza, nakausha, naandika tarehe,
nawasha hita ya gesi saa kumi na moja alfajiri,
maana katika mji huu, mita elfu nne na mia tatu
juu ya bahari ambayo wengi wetu hatujaiona,
damu ikiachwa mezani usiku
huganda kwa baridi kabla haijaganda kwa hulka yake.

Mara moja tu aliniruhusu kuchungulia.
Ndani ya kipande cha plastiki angavu amechonga vijia,
kila kimoja ni unywele uliopasuliwa mara kumi na tano,
na chembe nyekundu zinafika mlangoni
zikiwa pana kuliko mlango.
Nikasema, hapo hazipiti.
"Ngoja, Saturnino."
Ya kwanza ikajikunja kama barua
inayosukumwa chini ya mlango wa mtu asiyefungua,
ikapenya, ikajikunjua upande wa pili, ikaenda zake.

Haina kiini, alinieleza. Ilikitupa
ilipotoka kwenye uboho, ipate nafasi ya mzigo.
Imepewa siku mia na ishirini.
Haizai, hairudi kwao.
"Hamali," nikasema.
Akacheka, akaliandika neno hilo pembeni mwa daftari.

Taabu yetu huku juu si uchache wa mahamali.
Hewa ikipungua, figo hupeleka habari mifupani:
leteni wabebaji.
Mifupa inatii. Inaleta, inaongeza, inaongeza,
haijafundishwa neno basi,
mpaka njia inajaa mabega na hakuna hatua,
na ukuta wa ndani wa mshipa, laini kama ulimi wa mtoto,
unasuguliwa usiku kucha.
Midomo inageuka zambarau. Masikio yanavuma.
Mtu analala ameketi.

Wahenga walisema damu nzito kuliko maji.
Wao walikuwa wakisema udugu.
Hapa tunasoma mashine.

Mzee Eleuterio, baba yake,
miaka thelathini na mmoja katika mgodi wa zinki na risasi:
sabini na moja kwa mia.
Yaani mimina kikombe, karibu robo tatu ni chembe,
na hicho kidogo kilichobaki ndicho cha kutiririka.
Nélida alirudia kipimo mara tatu.
Mara ya tatu alikiinua kioo kwenye mwanga wa dirisha
akitafuta kosa la mkono wake.
Hakuliona.

"Shuka pwani, baba."
Miaka sita sasa, sentensi ile ile, meza ile ile.
Mzee hukivunja kiazi, hukichovya kwenye pilipili,
hutafuna hadi kiishe.
"Nikishuka, ukirudi usiku nani atakufungulia?"

Basi kila miezi mitatu humkalisha kwenye kiti cha kijani,
kile chenye mguu uliofungwa waya,
humtoa nusu lita,
na kwa wiki mbili mzee hupanda ngazi za soko akipiga mluzi.
Kisha mifupa hukumbuka.

Chupa za siku hiyo hanipi nizioshe.

Makala yake ilichapishwa jiji kuu, kurasa tisa, grafu nyingi.
Nimesoma: mgonjwa wa kumi na nne,
mwanamume, miaka sitini na sita.
Mle ndani hamna mluzi. Hamna kiazi.
Nilimuuliza, akasema sayansi haipendi majina.
Lakini mimi ndiye ninayefuta vumbi mezani pake,
na daftari huachwa wazi.
Pembeni mwa kumi na nne, kwa kalamu ya risasi,
ameandika neno moja: mlango.

Jana, wote walipokwisha kuondoka,
alikichoma kidole chake mwenyewe.
Nilisimama na taulo mkononi, nikisikiliza mashine ikihesabu.
Namba ikatoka. Akaikunja karatasi mara mbili,
akaitia mfukoni mwa koti, akanitazama
kama mtu anayetafuta funguo.
"Zima hita, Saturnino," akasema.
"Twende tukale. Baba anangoja."