Namba Tatu wa Mataruma

Pale General, kwenye benchi la wagonjwa wa mifupa,
nilimtambua kwa shingo kabla ya uso:
shingo fupi, nene,
kama gunia la karanga lililofungwa kwa hasira.
Yoramu Madeha.
Beki wa kushoto, jezi namba tatu,
miaka kumi na minne na timu ya Mataruma,
kadi nyekundu tisa, bao moja tu,
nalo alijifunga.

Sisi mawinga tulikuwa na msemo wetu juu yake,
tukiunong'ona ndani ya lori kutoka Kondoa,
Haneti vumbi likitupaka unga hadi kope:
kwa Madeha utapita wewe, au utapita mpira.
Viwili kwa pamoja, sahau.

Wanasema alianza kukaba akiwa mchungaji.
Kule Hombolo mbuzi wa baba yake
hawakuwahi kuonja uwele wa jirani.
Alijua mapema kwamba mwili ni uzio,
na uzio hauombi radhi.
Daluga zake za kwanza ziliachwa na kaka yake marehemu,
kubwa mno; akasokomeza kitambaa cha gunia vidoleni.
Posho ilikuwa soda moja na chapati mbili,
na mwaka ule wa sukari ya foleni, kilo moja,
ambayo alimpelekea mama yake
bila hata kufungua mfuko.
Siku moja walimshona paji la uso bila ganzi,
nyuma ya goli, upepo wa Julai
ukimwaga mchanga kwenye uzi.
Aliuliza kitu kimoja tu:
"Kona wameshapiga?"

Mimi nilikuwa namba saba.
Miaka ishirini, mwepesi, mjinga.
Dakika ya sitini nikampiga tobo.
Uwanja mzima ukaangua kicheko,
wauza karanga wakacheka,
refa akacheka, naapa, nilimwona meno.
Dakika ya sitini na mbili nikasikia mlio
kama wa ukuni mkavu.
Nikageuka kutafuta nani kavunja ukuni uwanjani.

Miaka thelathini na moja nimetunga hotuba.
Nimeifanyia mazoezi nikinyoa ndevu,
nikipanda ngazi upande upande kama kaa,
kila masika goti linapotabiri mvua
kabla ya redio.
Sasa huyu hapa, fimbo mapajani,
nyonga imelika, ananuka dawa ya kuchua,
na hotuba yote imenikimbia.

"Mbukwenyi," akasema, bila kugeuka.
"Wewe ni yule winga wa Kondoa. Ulinipiga tobo."
"Nawe ulinivunja goti."
Akafikiri kidogo.
"Goti silikumbuki vizuri.
Tobo nalikumbuka. Kuna usiku naamka
nimebana miguu."

Nilitaka kukasirika, Mungu shahidi.
Kicheko kikanipita katikati ya miguu.

Hakusema samahani. Mimi sikuidai.
Tulikaa tukitazama ukuta wa kijani
kama watu wanaosubiri mpira wa kurusha.

Kisha nesi akaita, "Swalehe Ijengo!"
Nami nikiwa bado napambana na benchi,
akatokea bwana mmoja, suti, simu sikioni,
akaukata mstari moja kwa moja kuelekea mlangoni.
Madeha akainuka.
Ilichukua muda: kwanza fimbo, kisha mgongo,
kisha mguu wa kushoto, ukawekwa mbele
pale pale ulipokuwa ukiwekwa.
Bega likashuka.
"Hapa hupiti," akasema taratibu.
Yule bwana akaitazama ile shingo,
akakumbuka ana shughuli kwingine.

Nami nikapita nyuma yake,
upande wa kushoto, goti likilia kila hatua,
cheti cha daktari mkononi.
Hakunigusa.
Ila nilipofika mlangoni nilimsikia akiguna,
"Polepole, namba saba.
Huku ndani hawana machela."