Kikohozi, Sura ya Saba

Cherehani yangu inatafuna magoti ya suruali za shule,
na masikioni, kitabu. Macho nimeyaachia sindano.
Drateru ndiye aliyenijazia simu: riwaya kumi na moja.
"Shangazi, hizi utazimaliza kabla ya Krismasi."

Ya kwanza niliizima kabla ya kumaliza pindo moja.
Yule bwana alisoma kifo cha mtoto
kama anayetangaza bei ya ufuta soko la Arua.
Mwingine naye, kila kikongwe kwake ni chura,
kila mtoto kabanwa pua.
Nani kamwambia sisi hatuwezi kubuni?
Nipe neno tu, sura nitaishona mwenyewe.

Lakini yupo mama mmoja, jina lake sikulishika,
asomaye kana kwamba naye hajui kitakachofuata.
Kabla ya habari mbaya hunyamaza,
na mguu wangu hunyamaza juu ya kanyagio.
Sura ya saba alikohoa. Hawakukifuta kikohozi.
Nikasema "pole", peke yangu, kibandani.

Shida imekuja na kitabu cha pili:
sauti ile ile, sasa ni ya bibi harusi,
na kwangu mimi bado ni ya yule mlanguzi
aliyewapokonya wajane shamba.
Bibi harusi analia. Nakataa kumwamini.

Mteja kaja, kauliza suruali ya mwanawe iko wapi.
Nikamwinulia kidole:
"Ngoja kwanza. Huyu anadanganya."