Bahasha Mbili Mlangoni mwa Friji

Barua ya chuo kikuu ilikuja nene,
karatasi laini, picha za miti ya vuli,
jina langu, Marit Rautio, kwa wino wa dhahabu.
Ya chuo cha ufundi ilikuja ukurasa mmojammoja,
mkunjo mara tatu, na orodha:
buti zenye chuma puani, miwani, glavu za ngozi,
tepu ya kupimia. *Usiazime ya mwenzako.*

Mama amezibana zote mbili kwa sumaku ya samaki.
Mwisho wa kujibu ni tarehe mosi Mei.
Hapa Duluth, Mei ni neno tu:
barafu bado inagongana ziwani,
theluji chafu imelala kando ya maegesho
kama mbwa asiye na mwenyewe.

Baba amechomelea meli miaka ishirini na tisa.
Anasema: nenda chuo kikuu.
Haongezi. Anaishika meza kwa mikono miwili,
anahesabu kimoyomoyo, ndipo anainuka.
Waliosema mtaka cha mvunguni sharti ainame
hawakumwona baba yangu akijaribu kusimama tena.

Mama ana shahada ya historia.
Imetundikwa chumba cha kufulia, nyuma ya mlango.
Kila tarehe tano benki inakata dola mia tatu na kumi na mbili,
na deni lile lina umri kunishinda mimi.
Anasema: jifunze kazi ambayo watu
watakupigia simu usiku wa manane.
Kisha, akidhani nimelala,
namsikia akimsomea paka habari za wafalme wa Uswidi,
sauti inapanda, inachangamka,
kama mtu aliyepokewa mzigo.

Kila mmoja ananisukuma mbali
na mlango alioingilia yeye.
Nami nimesimama ukumbini, viatu mkononi.

Shuleni mshauri alinichorea mistari miwili ya mshahara,
wa bluu unaanza chini, unapanda,
wa kijani unaanza juu, unachoka.
Nikauliza: magoti yako wapi hapa?
Akacheka.
Nikauliza: na paka?
Akatazama saa.

Usiku wa Aprili kumi na tisa tanuri la nyumba likazimika.
Alikuja mwanamke, Bernadine Skoglund,
mvi zimebanwa, penseli sikioni.
Hakufungua sanduku la vifaa.
Aliweka kiganja kwenye bati, akainamisha kichwa,
kama anayemsikiliza mgonjwa asiyependa kulalamika.
Shika tochi, akasema. Nikashika.
Unadhani kwa nini linawaka, halafu linazima?
Nikafikiri. Nikasema:
kitu kinachopaswa kuuona moto hakiuoni.
Akageuka, akanitazama vizuri.
Akachomoa kijiti chembamba kama kalamu,
cheusi kwa masizi, akakipa msasa.
Moto ukashika.
Nyumba nzima ikashusha pumzi.

Mlangoni nilimuuliza kama angeanza upya
angechagua kazi hii hii.
Akakunja risiti.
Usiku kama huu, ndiyo, akasema.
Siku nyingine usiniulize.
Akaenda zake, gari likikohoa mtaani.

Leo ni tarehe thelathini.
Fomu yenye ukurasa mmoja nimeijaza, nimeitia stempu,
mkono wangu ukitetemeka kidogo kwenye sahihi.
Ile nene sikuitupa. Mama ameomba aione,
na sasa anasoma orodha ya masomo kwa sauti,
vita, mikataba, mafuriko, vita tena,
na paka amekaa wima.

Baba hajasema kitu tangu chakula cha jioni.
Amekwenda kulala.
Mimi niko jikoni na tepu mpya,
bado inanuka duka.
Nimepima kiti chake, sakafu mpaka ubao:
inchi kumi na sita na nusu.
Kikiongezwa nne,
hatakuwa na haja ya kuhesabu.