Tarakimu Ishirini

Kabla ya Luku kulikuwa na mimi:
daftari la jalada gumu, penseli sikioni,
tochi ya mawe mawili, na viatu vya shirika
vilivyonibana kidole gumba kutoka Keko Machungwa hadi Mtoni.

Mita ya zamani ilikuwa na saa tano ndogo,
kila moja na mshale wake,
na jirani kwa jirani hawakubaliani:
huyu akizunguka kuume, wa pili kushoto.
Mshale ukisimama kati ya sita na saba, andika sita.
Hiyo ndiyo elimu yangu. Nilifundishwa siku mbili,
nikaila miaka kumi na tisa.

Hodi. Msoma mita.
Nikapita uani chini ya kanga zinazochuruzika maji,
nikaruka ndoo, nikaomba radhi kwa anayesukwa nywele,
nikapangusa kioo kwa mkono wa shati.
Bapa lilizunguka ndani na alama yake nyekundu,
likipita, likipita,
polepole kwa mwenye taa moja,
mbio kwa mwenye friji.

Nilijua mengi ambayo sikuulizwa.
Kwa Mzee Pazi mita ilipanda ghafla mwezi wa nne:
nikajua mke mdogo amehamia, na pasi yake.
Kwa Binti Mwinjuma ilishuka, ikashuka, ikaganda,
nikajua yule mgonjwa hasikilizi tena redio.
Kwa fundi Mkude bapa lilisimama tuli
ilhali cherehani ya umeme inalia chumbani.
Nikainama. Kipande cha mkanda wa picha
kimechomekwa pembeni ya kioo.
Fundi akanitazama, uzi mdomoni.
Nikaandika namba ya kutunga. Akanishonea suruali.
Hilo nimelitubia, ingawa suruali ninayo.

Lakini Sikudhani wa Tandika sijamtaka radhi.
Alikuwa na mbwa. Nilisimama nje ya geti, mbwa ndani,
tukatazamana kama watu wenye deni la zamani.
Nikaandika makadirio. Mwezi wa pili, makadirio.
Wa tatu, vilevile.
Bili ikaja imevimba, mafundi wakaja na ngazi,
wakakata waya kwenye nguzo.
Friza lake lilikuwa na barafu za ubuyu mia mbili,
za watoto wa shule ya pili yake.
Niliambiwa baadaye: maji mekundu yalitoka chini ya mlango
mpaka barabarani, na nzi wakala Idi.

Nilipofika tena, mbwa yuko kwenye mnyororo mfupi,
na chini ya mita pamewekwa kigoda.
"Kaa," alisema. "Soma taratibu. Soma na mimi nisikie."
Nikasoma tarakimu moja moja, kwa sauti.
Zilikuwa ndogo kuliko zile nilizobuni
miezi mitatu nyuma.
Hakusema neno. Alihesabu kwa vidole,
akaingia ndani, akaniacha na kigoda.

Leo mita yangu iko nje, juu ya nguzo,
haina wa kuipigia hodi. Rimoti yake iko kando ya televisheni.
Mjukuu wangu Shamte anasoma ujumbe kwenye simu, nne nne,
mimi nabonyeza: macho yamevaa ukungu,
vidole bado vinaona.
Sifuri, tatu, tisa, moja. Ngoja. Haya, endelea.
Nikikosea ya kumi na nane tunaanza upya,
naye anaguna.

Mtungi wa gesi hauna hata rimoti.
Bibi yake anaumwagia maji ya moto ubavuni,
anapapasa pale baridi inapoanzia.
"Hapa," anasema. "Mpaka Ijumaa."
Na huwa Ijumaa.

Jana uniti zilikatika katikati ya taarifa ya habari.
Shamte akaja na simu, uso wake buluu gizani,
akaanza kuzimimina namba kama anamwaga choroko.
"Soma taratibu," nikamwambia.
"Babu, hizi ni namba tu."
Nikavuta kiti karibu,
nikamwambia anirudie ile ya nne.