Ninaulizia Duka la Dawa

Zenon alifunga chumba chake cha chini ya ardhi mwezi wa Novemba.
Magoti, alisema. Na kodi.
Miaka kumi na tisa nimenyanyua vyuma vyake vyenye kutu,
harufu ya kabichi ikitushukia kutoka jikoni kwa mkewe,
redio ikikoroma, watu sita tu,
na hakuna aliyemtazama mwenzake ila kumwokoa
chuma kilipomlalia kifuani.
Sasa pale wanauza chakula cha mbwa.

Mimi Wiesława, karani wa kodi za majengo,
Łódź, miaka hamsini na minane.
Kaunta yangu watu wazima huijia wakitetemeka
nami huwapigia mhuri bila kuinua macho.
Nani angeamini kwamba mlango wa vioo
ungenifanya nifyate mkia?

Ukumbi wa kwanza: barabara kuu, taa za zambarau.
Lango halina mtu. Linadai simu, linadai kidole.
Ndani vijana wanakimbia bila kwenda popote,
mabega yameumuka kama mikate.
Kijana wa mapokezi akanijia, meno yote nje:
“Lengo lako ni nini?”

Lengo langu?
Kupandisha kilo kumi za viazi hadi ghorofa ya nne
bila kusimama ya tatu na kujifanya natafuta ufunguo.
Hilo ndilo lililokuwa ulimini.
Kilichotoka kilikuwa kingine:
“Samahani, ninaulizia duka la dawa.”
Akanisindikiza hadi nje, masikini, kwa adabu zake,
akasimama kwenye theluji mpaka aone nimeingia.
Ikabidi ninunue kitu.
Nikanunua peremende za kikohozi.

Wa pili ulikuwa wa wanawake peke yao.
Nikajisemea, hapa ni kwetu.
Lakini kwetu hakuna kioo kirefu namna ile:
nililiona koti langu la kijivu likiingia kabla yangu,
likichuruzika maji kwenye zulia jeupe.
Walikuwa wakiruka pamoja, mguu mmoja, pumzi moja,
kama sindano za kiwanda alichozeekea mama yangu,
na sikuona mwanya wa kupitisha hata uzi.
Nikajitia hamnazo. Nikauliza duka la dawa.

Bogna, mfamasia, akanitazama juu ya miwani:
“Kikohozi hakijaisha?”
“Kimehamia kifuani,” nikasema,
na huo haukuwa uongo mtupu.

Watu husema, piga moyo konde.
Nimeupiga. Wiki tatu nimeupiga,
nao unanirudishia, konde kwa konde,
kila tramu inapopita kituo cha kushukia
nami nimekaa, begi mapajani.

Wa tatu uko nyuma ya stesheni, ghala la zamani la pamba.
Mlango wa chuma, hauna dirisha.
Kishindo ndani. Kisha mtu akaguna kama fahali.
Kisha kicheko.
Nikashika kitasa, baridi ikanipenya glavu.
Nikahesabu kama Zenon alivyotufundisha:
ya tisa ndiyo ngumu, ya kumi hujiinua yenyewe.
Alitudanganya; ya kumi haijawahi kujiinua.
Nikasukuma.

Msichana mezani, kifundo kimefungwa bandeji,
anakula mkate na soseji.
“Karibu. Nikusaidie?”
Na mdomo wangu, uliokwisha kuzoea:
“Ninaulizia duka la dawa.”

Akatafuna. Akameza. Akafikiri kwa dhati.
“Leo Jumapili,” akasema. “Ya mtaa huu yote yamefungwa.”

Nyuma yangu mlango ukajirudi kwa uzito wake.
Kamba za raba zilikuwa zikichungulia kwenye begi.
Msichana aliziona.
Niliona kwamba ameziona.
Akasogeza mkate kando, akapangusa vidole.

“Basi,” nikasema,
“vyuma vyenu vinaanzia kilo ngapi?”