Mkwaruzo

Tulikwenda wanne mwishoni mwa Oktoba,
kodi hushuka watalii wakishaondoka Masuria.
Gari la Gniewomir lilinuka mbwa na petroli,
nyuma limejaa viazi, soseji, kahawa,
na daftari kumi na moja, zote tupu.
"Siku tatu," alisema. "Hakuna simu, hakuna visingizio."
Halszka hakujibu. Alikaa mbele, kaupakata mkoba wake
kama mtu aliyepakata kuku asiye wake.

Kibanda ni cha magogo, kimeinama upande mmoja
kama mlevi anayejifanya anasikiliza.
Mbele ya mlango, ziwa la rangi ya bati,
matete, gati lililokosa mbao mbili,
na ukungu uliokaa juu ya maji
mfano wa mgeni asiyejua aage saa ngapi.

Siku ya kwanza tulipasua kuni.
Baada ya kuni tukaingia msituni kutafuta uyoga,
Dobrochna akatugombeza kwa ule mwekundu,
tukarudi na uyoga kumi na saba
na sentensi sifuri.
Tuliukaanga kwa siagi, tukajadili sana uandishi.
Aliyejadili kuliko wote ni mimi.

(Niseme kweli: kitabu changu kilikwama ukurasa wa arobaini.
Mtu wangu amesimama kwenye ngazi tangu Februari,
mguu mmoja hewani, ananingoja.)

Usiku nikasikia:
kwaru. Kwaru-kwaru. Kimya. Kwaru.
Ncha ya penseli juu ya karatasi, nikajua mara moja.
Ng'ambo ya ukuta wa mbao alilala Halszka,
ambaye hajaandika neno tangu Mei ya mwaka juzi,
tangu alipokabidhiwa viatu vya Lucjan
ndani ya mfuko wa hospitali.
Nikafurahi kwa ajili yake.
Furaha ilidumu labda dakika nne.
Kisha kikanikaba kitu kidogo, kichungu,
wivu, tusiupambe.
Nikawasha mshumaa
nikamteremsha yule mtu ngazi.

Siku ya pili ilikuwa mvua, na macho mekundu mezani.
Hakuna aliyemuuliza mwenzake alilalaje.
Gniewomir alitia chumvi kwenye chai, akainywa.
Usiku, kwaru-kwaru tena,
na mwanga chini ya kila mlango
isipokuwa mmoja. Hilo sikulitilia maanani.

Asubuhi ya tatu paa likavuja.
Dobrochna akapanda darini na ndoo,
akashuka na kiota mkononi:
magazeti yaliyotafunwa, pamba ya godoro, maganda ya njugu.
"Panya," alisema.
Tukatazamana.
"Nilidhani ni wewe," Gniewomir akaniambia.
"Nami nilidhani ni nyinyi wawili," akasema Dobrochna,
"nimeandika kurasa thelathini kwa hasira!"
Wasemao panya hutawala paka akiondoka
hawakutuambia kwamba huwafanyisha watu kazi pia.

Halszka ndiye aliyecheka.
Alicheka hadi akaketi kizingitini, akajifuta kwa kilemba.
"Mimi nilijua ni panya," alisema,
"tangu usiku ule wa kwanza.
Nilizima taa nikamsikiliza.
Ni muda mrefu sijalala
karibu na kiumbe chenye shughuli zake."

Kukawa kimya. Birika likachemka, hakuna aliyeinuka.
Kisha akakichukua kiota, akapanda nacho darini,
polepole, ngazi zikilia,
akakirudisha mahali pake, pamoja na ganda la jibini.

Tulipofunga mizigo akaomba kitabu cha wageni.
Wengine tulikuwa tumeshajaza nusu ukurasa
tukiusifu ukungu.
Yeye aliandika mstari mmoja, akapiga nukta,
akaupuliza wino ukauke, ingawa ilikuwa penseli:
*Darini yupo mwenyeji. Msimwamshe mchana.*

Viatu vya mpira vya Gniewomir vimebaki gatini.
Tumekumbuka tukiwa kilomita sitini mbali,
na hakuna aliyesema tugeuze gari,
na hakuna aliyesema tusirudi.