Geuza Kikombe

Jina lake lina herufi tisa, nusu yake bubu:
Colclough, na watu wa Longton husema "Koukli."
Hilo lilikuwa somo la kwanza, kabla sijaketi:
kinachoandikwa na kinachosomwa si ndugu wa tumbo moja.

Sikumchagua kwa bei. Kwa bei nilimpata mwingine,
kijana wa mtandaoni, nusu ya ada, simu inapokelewa na muziki.
Nilimuuliza swali moja: faili langu litashikwa na nani?
Akasema, "Timu."
Timu hufunga mabao. Mimi nilitaka mtu.

Bi Colclough ana ofisi juu ya duka la mazulia,
ngazi kumi na saba, hita inayokohoa.
Akanisogezea karatasi: hii ada yangu, hii ya serikali,
hii ya upekuzi, hii ya benki kusafirisha pesa,
"na ukiona nyingine nje ya hizi, nipigie, nigombeze."
Nilimwamini kwa neno hilo, nigombeze.

Nikaanza maswali. Nina maswali mimi;
baba yangu hakuuliza.
Alinunua nyumba Wete kwa mashahidi watatu na buli la kahawa.
Alipofariki, mashahidi wawili walikuwa wameshamtangulia,
na wa tatu alikuwa shemeji wa ami.
Tulitoka na magodoro, sufuria, na cherehani ya mama.

Kwa hiyo: ardhi ni yangu, au nitaikodi chini ya kuta zangu?
Yako, mpaka chini.
Chini wapi?
Akacheka. Chini kuna makaa ya mawe; hayo si yako.
Akanionyesha ramani: shimo la mgodi wa kale,
mita arobaini kutoka mlango wa jikoni,
limefukiwa, limefunikwa, lina namba kama mfungwa.
Ukuta wa uani ni wa nani?
Haijulikani. Tutaandika "haijulikani."
Na miezi minne yote hii ya nini?
Muuzaji wako, Bwana Machin, anangoja nyumba ya mjane wa Leek,
mjane anangoja fleti ya mwanawe,
na mwanawe anangoja benki.
Mnyororo mmoja, watu tusiojuana;
akikohoa mmoja, sote tunapaliwa.

Mwezi wa tatu ikaja barua pepe, jina lake, nembo yake:
akaunti yetu imebadilika, tuma arubuni leo.
Kidole kilikuwa juu ya kitufe.
Nikapiga kwanza ile namba aliyoiandika kwa kalamu,
siku ya kwanza, nyuma ya kadi.
Kimya. Kisha: "Usiguse kitu. Naja."

Alikuja kweli, koti limelowa, hadi chumba changu cha kupanga.
Nikatoa vikombe. Chake, kabla sijamimina,
akakipindua, akasoma muhuri wa kitakoni.
"Samahani," akasema. "Sisi wa hapa sote hivi.
Mama alipaka maua kwenye vikombe miaka thelathini.
Hatunywi mpaka tujue kimetoka tanuri gani."

Ijumaa, saa saba kasorobo, simu:
"Pesa zimefika. Nenda kachukue ufunguo."
Wakala alinipa bahasha huku anatafuna sandwichi.
Mlango umevimba kwa unyevu; nikausukuma kwa bega.
Nyumba tupu hukurudishia sauti yako
kama chenji usiyoitegemea.

Nilisimama dirishani nikihesabu mita arobaini.
Kwenye kabati Machin ameacha kikombe kimoja, mdomo umemeguka.
Nikakiosha. Birika nililokuja nalo kwapani likaanza kulalama.
Kabla ya kumimina, nikakigeuza.
Muhuri umefutika nusu. Zimebaki herufi nne.
Nikazisoma kwa sauti, na zile bubu pia.